Jambazi Aliyeliliwa na Kisumu Nzima

Kisumu,
Novemba 1990

Ndugu Mhariri, wewe ambaye bado unasoma barua za wazee,

Tangu Agosti nimelificha kanisa langu, mwanangu Tom na mkewe Lornah, kwamba Jumamosi ile, katika maonyesho ya saa tisa alasiri, nilikuwa ndani ya sinema ya Bwana Yashwant. Lornah alidhani nimekwenda kupimwa presha. Kanisa lisingeweza hata kudhani, kwa sababu Jumapili iliyotangulia mimi mwenyewe, mwenyekiti wa kamati ya maadili, nilisimama mbele ya waumini nikasema filamu hiyo ni giza tupu, na Mkristo atakayeiangalia atarudi nyumbani na tabia asiyoondoka nayo. Nilikwenda ili nihakikishe kwamba nilisema kweli. Nilivaa koti la mvua na miwani ya jua, na kwa sababu ya ile miwani nikamkanyaga mguu Mama Dorca, anayeuza samaki soko la Kibuye. Alivuta mguu wake taratibu akasema, "Karibu, Mwalimu."

Nayasema haya sasa kwa kuwa sina muda. Daktari alimweleza Tom, Tom akamweleza Lornah, na mimi sikuelezwa na mtu. Lakini siku hizi napewa paja la kuku bila kuomba, na katika nyumba hii mapaja hayajawahi kutolewa hovyo.

Kwa wasomaji wako ambao hawakuiona: filamu hiyo imetoka katika vile vitabu vya picha ambavyo niliwanyang'anya wanafunzi kwa miaka yote niliyokuwa mwalimu mkuu. Kuna shujaa mwenye kofia ya chuma, na kuna jambazi. Jambazi alikuwa fundi wa madaraja. Mji ulimfukuza kazi, mama yake akafa kwenye foleni ya hospitali, naye akavaa koti refu akaanza kuyalipua madaraja yote aliyoyajenga. Waliotengeneza filamu walikusudia tumwogope. Malalamiko yangu ni haya. Nimeyapa namba ili uyafupishe kwa urahisi, ingawa nakusihi usiyafupishe.

1. Watu hawakumwogopa. Kabla ya kulipua daraja la kwanza, jambazi yule alivua kofia, akamshika mkono bibi kizee mmoja, akamvusha ng'ambo, kisha akarudi kuwasha utambi. Kuanzia hapo alikuwa wetu. Kwa kuwa alikuwa mtoto pekee wa mama yake, ukumbi ulimpa jina la Obong'o, ambalo ndilo tunalompa mtoto wa kiume asiye na ndugu. Jina alilopewa na wenye filamu sikulisikia tena hadi mwisho.

Shujaa naye hakupata hata mtu mmoja wa kumtetea. Hakumsalimu mtu. Hakuwa na mke, wala ng'ombe, wala jirani. Oduor, fundi viatu wa mtaa wa Obunga, aliyekuwa nyuma yangu, aliuliza kwa sauti huyu ni wa ukoo gani, na mtu mzima anaingiaje nyumbani kwake kupitia dirishani. Nakiri kwamba hata mimi, kama mwalimu, niliona ni swali la haki.

2. Watu waligombania kwao ni wapi. Obong'o alizungumza Kiingereza cha maneno marefu kabla ya kila mlipuko, na hakubeba mzigo wake mwenyewe hata siku moja; baruti zote alibebewa. Watu wa Alego, wanaojulikana kwa majivuno, wakasema huyo ni mtoto wao, yaani ukiona mtu analipua daraja akiwa amefunga tai, usiulize zaidi. Watu wa Bondo wakasema tai wanawaachia, ila viatu vile ni vya Sakwa, huko huko kwao Bondo. Kila alipotokea kwenye pazia la sinema, mmoja wao alisimama kumtolea sifa, kama tunavyofanya kwenye ngoma mwanamuziki anapopumzika. Mwingine alimsifu kwa macho, mwingine kwa koti, na mwanamke mmoja aitwaye Aoko alimsifu kwa jinsi alivyomzika mama yake vizuri. Tukakosa maneno ya filamu karibu robo nzima. Si haki. Mtu aliyekuja kuichunguza filamu ili ailaani anahitaji kusikia kinachosemwa.

3. Alikufa, na mwili haukuonekana. Shujaa alimsukuma kutoka kwenye daraja la mwisho, akatumbukia mtoni, maji yakajifunga, muziki ukapigwa, majina ya watu yakaanza kupanda, taa zikawashwa. Bwana Yashwant alisimama mlangoni akisubiri tutoke ili wa saa kumi na mbili waingie.

Hakuna aliyetoka.

Wewe, Mhariri, labda umelelewa mbali na ziwa, kwa hiyo nikueleze. Kwetu mtu akizama ziwani, hakuna anayeondoka ufukweni. Mitumbwi haiendi kuvua. Watu hukaa, hutazama maji, hungoja mpaka mwili upatikane, kwa sababu kuondoka kabla ya hapo ni kumwambia marehemu kwamba una shughuli nyingine. Kwa hiyo ukumbi mzima ulikaa ukatazama lile pazia jeupe. Wanawake waliendelea na nduru walizoanza gizani. Wanaume walivua kofia. Kijana mmoja alipendekeza watu wasogee mbele kidogo, upande wa chini wa mto.

Bwana Yashwant alikuja akaeleza kwa upole kwamba sinema imeisha. Mama Dorca akafuta macho akamjibu, "Imeisha, sawa, Bwana Yashwant. Na mwili uko wapi?"

Mtu mwingine angewaita polisi. Lakini Bwana Yashwant amezaliwa hapa Kisumu, na anajua swali la kweli akilisikia. Alipanda juu kwa Wepukhulu, anayeendesha mashine, akamwomba aurudishe mkanda pole pole ili tutazame mto vizuri. Wepukhulu aliurudisha. Tulitazama mto. Aliurudisha tena. Oduor aliona kitu kama bega, ikawa ni gogo. Mke wa Bwana Yashwant, Mama Kanchan, alileta chai ya maziwa kwa birika kubwa, na wale wa saa kumi na mbili waliokuwa wakipigana mlangoni walipoambiwa kuna msiba ndani, waliingia kimya wakakaa pamoja nasi.

4. Walimzika. Hapa ndipo uvumilivu wangu kama mzee wa kanisa ulipokatika. Mwili usipopatikana, mila yetu inaruhusu kuzika badala yake tunda la mwegea, tunaloliita yago, lile refu na zito kama mkono wa mtu. Baada ya wiki moja tunda hilo liliviringishwa shuka jeupe likazikwa Obunga, nyuma ya kibanda cha Oduor. Na kwa kuwa mwanamume hazikwi bila kuwa na nyumba, walimjengea nyumba kwanza. Bwana na Bibi Yashwant waliketi mbele kama wafiwa, maana alifia kwao. Wepukhulu alimsemea marehemu, kwa hoja kwamba ndiye aliyekaa naye muda mrefu kuliko wote. Alisema alikuwa mtu wa saa, hakuchelewa hata mlipuko mmoja. Kisha vijana waliswaga fahali wa kuazima hadi ziwani kukifukuza kifo, wakiimba, na njiani magari yaliwapisha.

Mimi nilikuwepo kwa bahati tu. Nilikuwa napita kwa njia ambayo hainifikishi popote.

5. Sasa nifike kwangu. Wiki hiyo hiyo tulimzika mkaguzi mmoja mstaafu wa shule, mtu mwadilifu. Tulimaliza kabla ya chakula cha mchana. Watu waliulizana kama nyama imeiva. Nilipolitazama lile kaburi, nilijiona mimi ndani yake, na kuzunguka kaburi niliona watu wakitazama saa.

Basi nilimwita Mama Dorca kwa kisingizio cha kununua samaki aina ya ngege. Hakuna mtu upande huu wa ziwa anayeomboleza kama yeye. Akipiga nduru, hata mwenye deni na marehemu husamehe. Nilizunguka sana, nikazungumzia bei ya samaki, nikazungumzia mvua, kisha nikamuuliza kwa ujumla mambo yatakuwaje siku mtu fulani mzee atakapoitwa.

Alinielewa. Aliendelea kupara samaki, akasema, "Wewe, Mwalimu, tutakuimbia nyimbo za kitabuni. Namba utachagua mwenyewe."

Nikamuuliza, na nduru?

"Nduru ulikataza."

Ni kweli. Mwaka 1983 kamati yangu ilipitisha kanuni kwamba katika mazishi ya waumini hakuna kupiga nduru, na anayeona lazima alie atumie leso. Nilitaka tulie kama watu waliosoma. Kanuni hiyo imefuatwa vizuri sana, kuliko kanuni nyingine yoyote niliyowahi kuitunga, na sasa inaningoja mimi kaburini na kitabu mkononi.

6. Lalamiko la sita lilikuwa kali kuliko yote. Nimelisahau. Ni hizi dawa.

7. Tazama basi hesabu yake, Mhariri, kwa utulivu. Obong'o alilipua madaraja, akaliliwa na wanawake wa Kibuye, wazee wa Alego na Wahindi wawili. Mimi nimefundisha watoto wa mji huu kugawanya namba ndefu, na nitapata beti nne za wimbo, na ubeti wa tatu utarukwa kwa sababu ya jua. Hitimisho ni moja tu, na sikulitafuta mimi, limejileta lenyewe. Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Waliotengeneza filamu watume kipande kingine kinachoonyesha mwili umepatikana, ili watu wajue wamlilie wapi na waache kumlilia kila mahali.

(b) Utangaze katika gazeti lako kwamba yeyote aliyemlilia Obong'o bila kumjua anatakiwa kunililia na mimi ambaye alinijua. Asiye na machozi zaidi aje hivyo hivyo. Uso uliovimba wa Agosti utakubaliwa.

(c) Kama ombi hilo ni gumu, basi manispaa iniruhusu kulipua daraja moja dogo. Siombi kubwa. Kuna kile kivuko cha mbao juu ya mfereji pale Obunga, ambacho kimevunjika upande mmoja na diwani ameahidi kukitengeneza katika kila uchaguzi. Nitawavusha vikongwe wote kwanza. Tai ninayo. Maneno marefu ya Kiingereza ninayo pia, hayajatumika tangu nilipostaafu. Ninachokosa ni nguvu ya kuinama kuwasha utambi, na Oduor amesema atanisaidia kwa hilo, mradi nimwachie mbao.

(d) Kama na hilo haliwezekani, nizikwe kama mtu aliyezama. Mniweke mahali msiponiona, mkae, mtazame, mngoje kidogo. Mtu asiseme ana shughuli nyingine.

Sidhani kama nimeomba mengi. Nimeishi kwa heshima na sasa naona heshima ni kitu baridi kulalia.

Wasalimie wapiga chapa wako, mhasibu wako, na yule kijana wa picha aliyenipiga picha nikiwa nimefumba macho siku ya kustaafu; mwambie aitunze, inaweza kutumika. Wasalimie nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo. Tom na Lornah wanakusalimu, ingawa hawajui kwamba nakuandikia.

Ni mimi katika kulalamika kwa nia njema,

Walter Obiero
Mwalimu Mkuu Mstaafu

Baada ya sahihi: Nimeisoma upya barua hii na nakuomba usiichape. Mwache Bwana Yashwant aonyeshe filamu yake, na watu walie wanavyotaka. Mama Dorca ametoka hapa sasa hivi. Nilimuuliza kwa nini siku ile alilia kwa sauti kubwa namna ile kwa ajili ya Mzungu wa kwenye pazia, akaniambia hakumlilia Mzungu yeyote. Alipiga nduru ili watu wasiisikie yangu. Nilidhani hakuisikia. Mke wangu Adero alikuwa muumini wa kwanza kuzikwa chini ya ile kanuni ya 1983. Nilisimama kaburini kwake na leso iliyokunjwa vizuri, nikarudi nayo nyumbani ikiwa kavu, na watu wakanisifu. Miaka saba baadaye, gizani, mtu nisiyemjua alipoanguka majini, nilifungua kinywa nikapiga nduru kama mwanamke wa kijijini, na jina nililoliita lilikuwa la Adero.