Harlan Stroud na Njiti Moja ya Kiberiti

Sogeeni, enyi mlioshiba na enyi mnaosubiri kushiba, zimeni redio, mwacheni paka wa watu, tegeni masikio yote mawili! Nawasimulia vita kuu ambayo haikumwaga damu hata tone, ila iliunguza kidole gumba cha mtu mmoja. Ilipiganwa Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, kwenye baraza ya Nyumba ya Bundi, chuo kikuu, kule Mississippi. Bundi, ndiyo. Najua mnavyomfikiria ndege yule. Wenyewe wanamwona wa heri, wamemchonga juu ya mlango, na wanafunzi arobaini wanaolala humo ndani wanaitana ndugu, ingawa hakuna hata wawili waliotoka tumbo moja, na soksi wanaibiana.

Shujaa wetu ni Harlan Stroud, mwana wa vilima, simba asiye na haraka, mwenye kimo cha mlango na maneno matano kwa dakika. Kwao wote wanaongea hivyo. Bibi yake Verdie, ndiye aliyemlea, akianza kukwambia karibu, utafika, utavua kofia, utakaa, utauliza habari za ng'ombe, ndipo neno lake limalizike. Watu wazuri sana. Lakini usiwatume kupiga kelele za moto.

Basi Harlan alikuwa na wiki saba chuoni, na wiki zote saba alikula peke yake, amekaa kitandani, anachota siagi ya karanga kwenye kopo kwa kijiko. Darasani akifungua mdomo kujibu, mwenzake ameshajibu, mwalimu ameshafuta ubao. Na kila jioni akipita Nyumba ya Bundi anaona dirishani meza moja ndefu, watu arobaini, mabakuli yanapita mkono kwa mkono, mtu anacheka mpaka anajipaliza. Alichotaka ni kiti kwenye meza ile. Hicho tu. Nchi zimepiganiwa kwa sababu ndogo zaidi.

Lakini hakuna anayekaa pale bila kuishinda Sheria ya Njiti, waliyoiandika waasisi, Mungu awarehemu na awaulize walikuwa wanafikiria nini. Inasema hivi: mwanagenzi ataje herufi zote ishirini na nne za Kigiriki, na moto wa njiti moja ya kiberiti ungali unawaka mkononi mwake. Akishindwa mara tatu, arudi alikotoka. Kwa nini umchome mtoto wa mtu ndipo umpe kuku, sijui. Kigiriki chenyewe hakuna anayekijua humo zaidi ya hizo herufi.

Mara ya kwanza Harlan alianguka kwenye theta. Mara ya pili alijikongoja mpaka lamda, akaungua, akasema neno ambalo si la Kigiriki. Sasa ilikuwa mara ya tatu, ya mwisho, na gumba lake limefungwa plasta.

Akasimama mbele yake Bradford Kincannon, mlinzi wa sheria, jemadari wa wanagenzi, mwenye tai ya mistari na kiberiti mfukoni, akanguruma:

"Enyi ndugu wa Bundi! Mnamwona Kobe huyu? Mwezi mzima tunamngoja! Mimi ukoo wangu tumetaja herufi hizi vizazi vitatu, babu yangu alizitaja mara mbili kwa njiti moja na akabaki na moto wa kuwashia sigara! Wewe Kobe, rudi kwenye karanga zako. Mpaka ufike omega sisi tutakuwa na wajukuu!"

Wakacheka wote. Harlan akafikiri. Wakangoja.

"Sawa... kaka," akasema. "Washa."

Pale mlangoni pa jikoni akatokea Bi Lurleen, malkia wa masufuria, anayewapikia miaka ishirini na sita. "Kuku wameiva," akasema. "Mchuzi wangu ukishika utando, nitajua wa kumlaumu."

Njiti ikalia chwaa! Harlan akaishika wima, moto juu kama mshumaa, wala hakuiinamisha kama wanavyofanya wenye papara, ukawa unashuka kidogo kidogo, kwa adabu. "Alfa," akasema. Kimya. "Beta." Mbwa wa jirani akalala. Akapita theta, mahali alipoanguka kwanza, akapita lamda, kaburi lake la pili, akafika nu, na moto huo hapo, unanusa plasta.

"Kwisha!" akapiga kelele Bradford. "Umemwaga unga, Kobe!"

Hapo, wajukuu, ndipo shujaa alipomkumbuka Bibi Verdie akiwasha jiko na taa mbili kwa njiti moja, maana dukani ni mbali. Akalamba vidole vya mkono wa kushoto. Akaikamata njiti kwa kichwa chake kilichoungua, kile cheusi, akaiachia ile ncha ya chini, akailaza. Moto ukageuka, ukaanza kula kipande kilichobaki, unamkimbia badala ya kumfuata!

Baraza zima likasogea mbele.

"Ksi," akasema Harlan, taratibu kabisa, kama mtu anayechagua nyanya. "Omikroni. Pi." Akaendelea hivyo hivyo, sigma, tau, hakuna aliyepumua, mpaka "psi," na moto umebaki kama punje ya mtama. Akavuta pumzi. Bradford akafumba macho. "Omega." Ukazimika.

"Ameigeuza! Haihesabiki!" akalia Bradford. "Sheria haisemi ageuze!"

"Sheria haisemi asigeuze," akasema Bi Lurleen. "Moto ulikuwa mkononi mwake au ulikuwa mkononi mwangu? Brad, mwanangu, utando huo unakuja."

Watu arobaini wakanusa kuku. Kura haikuchukua muda. Wakambeba Harlan juu juu, wakampigiza kichwa kwenye bundi wa mlangoni, wakamkalisha kwenye kiti cha arobaini na moja, na Bradford mwenyewe akamsogezea bakuli la mikate ya moto, ingawa alikuwa amenuna.

Kumbe walisahau desturi yao nyingine. Ndugu mpya kuliko wote ndiye anayeomba kabla ya kula, siku zote, mpaka aingie mwingine mwakani. Mwaka ule mwombaji alikuwa kijana mmoja waliyempenda mno, aliyejua kusema "Asante Mungu tule amina" kwa pumzi moja.

Harlan akainuka. Akakunja mikono, plasta juu. Akawaangalia watu arobaini walioinamisha vichwa wakimngoja yeye, yeye Harlan Stroud.

"Baba..." akaanza.

Mchuzi ukashika utando. Kuku wakapoa. Hakuna aliyeinuka.

Na hivyo ndivyo Nyumba ya Bundi ilivyotekwa.