Kisanduku cha Sule Kinachokula Kelele

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Sule amepata kisanduku.

Kanitangazia mwenyewe leo saa moja asubuhi, kwenye kikao chetu cha hewani, mbele ya vituo vyote sita vya chama cha redio za ridhaa. Hewani! Angeweza kuniandikia barua. Barua ningeichana.

Kikao hicho ninakifungua mimi. Miaka minane sasa. Nasema, "Habari za asubuhi, vituo vyote, hapa ni Dramadri, Arua, mwenyekiti wenu," na mmoja mmoja wanaitika, Adumi, Moyo, Koboko. Mke wangu Driwaru anasema nasalimia mabati ya redio kabla ya kumsalimia yeye. Ni kweli. Mabati yananiita mwenyekiti.

Basi huyu Sule wa Koboko, niliyemfundisha Morse mimi mwenyewe kambini ukimbizini, ti kwa ti, taa kwa taa, akimwaga jasho, anasema Mdenmaki mmoja aliyekuwa akichimba visima huko amerudi kwao na kumwachia kisanduku cha dijitali. Unakichomeka kati ya redio na spika. Ndani mna kompyuta ndogo. Inageuza sauti kuwa tarakimu, inazipepeta, pumba inatupa, mchele inakuachia. Radi, genereta, mashine ya kuchomelea vyuma, vyote kwisha. "Sasa nakusikia kama uko jikoni kwangu, Mwalimu," anasema.

Nilimpongeza. Meno yaliuma.

Siku zote masikio ya mkoa huu wa West Nile ni haya yangu mawili. Ninyi wengine mna redio. Mimi nina masikio. Mwaka 1980 tulipokimbia vita kwenda Zaire nilibeba kibonyezeo cha Morse nikasahau sufuria. Driwaru hajanisamehe hadi leo. Halafu mtu anapewa kisanduku na Mdenmaki!

Jumatano, 3 Agosti

Nimetengeneza changu.

Kopo la majarini, pamba kutoka kwenye mto, kipande cha tairi la baiskeli, spika katikati. Rangi nyeusi juu. Nimeandika DIJITALI kwa chaki, kisha kwa rangi, maana chaki inaonyesha umaskini.

Na kinafanya kazi! Ule mkwaruzo wa shhhh umepungua kabisa. Ni kweli watu nao wamepungua. Mtangazaji wa habari alisikika kama mtu aliyefungwa ndani ya gunia la muhogo. Lakini gunia tulivu.

Driwaru ameuliza pamba ya mto wake imekwenda wapi. Nimemwambia imejiunga na sayansi. Usiku nitalala bila mto. Yeye ndiye ameamua.

Alhamisi, 4 Agosti

Aibu.

Nilifungua kikao kwa mbwembwe. Nikatangaza kwamba Arua nayo imeingia dijitali. Nikaita vituo. Moyo akaitika. Nikasubiri Dumo wa Adumi. Kimya. Nikasema Dumo bado amelala, wakulima wa siku hizi si kama wa zamani, na kadhalika. Nikamsema vizuri tu, dakika nzima.

Ndipo sauti ya Sule ikaingia kutoka Koboko: "Mwalimu, samahani. Dumo iko hapa hewani. Iko nakuita mara nne. Anasema hajalala, amesikia yote."

Adumi ninaweza kwenda kwa baiskeli nikarudi kabla ya chakula cha mchana! Koboko ni mbali mara kadhaa. Na Sule alimsikia, mimi sikumsikia.

Nikang'oa kopo. Dumo alikuwa bado anazungumza. Afadhali ningeliacha.

Mchana akaja Santina Mindra, katibu wa chama, mwalimu wa sayansi, mwanamke asiyecheka hadi athibitishe. Akasema wanachama wanalalamika. Akasema mwenyekiti wa kikao cha hewani ni mtu anayesikia, si mtu anayeheshimiwa tu. Nikamuuliza kama mtu hawezi kuwa vyote viwili. Akalitazama kopo.

Uamuzi wake: Jumamosi ijayo, tarehe 13, saa kumi na moja jioni, mwenzetu Jada anayefanya kazi Bulawayo atatuma maneno ishirini kwa Morse, kwa nguvu ndogo kabisa, nguvu ya balbu ya tochi. Orodha ya maneno iko tayari kwa Santina ndani ya bahasha iliyofungwa. Sule na mimi tutasikiliza mahali pamoja, nyumbani kwa Sule, kila mtu na redio yake na waya wake wa antena. Atakayeandika mengi ndiye atakayefungua kikao.

Sikulala vizuri. Hamna mto.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimekwenda Koboko kumpongeza Sule. Kwa kumpongeza nina maana ya kupeleleza. Nilipanda pikapu ya mihogo, nikabeba chupa ya asali.

Sule alinipokea kama baba yake mzazi. Inaudhi sana. Mkewe Hadijah alichinja kuku. Nilikula kuku wa adui mapaja yote mawili.

Kisanduku nimekiona. Kidogo kama Biblia ya shule. Vitufe vinne. Na Sule, bila hata kuulizwa, akanieleza kila kimoja! Cha kwanza kinapunguza mkwaruzo. Cha pili kinabana njia, ili Morse ipite na wengine wabaki nje mlangoni. Cha tatu kinawinda miluzi. Ule mluzi wa fiii ambao stesheni ya mbali huulaza juu ya mazungumzo, chenyewe kinautafuta, kinaukata, mazungumzo yanabaki. Cha nne ni cha kuwashia kisanduku chenyewe.

Nikasema hicho cha tatu ni maajabu. Akasema ndiyo, lakini ukisikiliza Morse usikiguse kamwe. "Kwani Morse ni nini, Mwalimu? Mluzi tu, unakatikakatika. Kisanduku hakijui. Kitaiua Morse yote, utafikiri hewa iko tupu." Tena, akasema, kile kitaa cha kitufe hicho kimekufa safarini, kwa hiyo huwezi kujua kama kitufe kimewashwa hadi usikilize.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma ya mavuno.

Jumanne, 9 Agosti

Siku njema. Nimefanya mazoezi ya kubonyeza. Nimetumia kitufe cha redio ya Driwaru, kidole kimoja, bila kutazama, huku nikizungumzia hali ya hewa. Mara thelathini. Driwaru akaniuliza, "Baba Pasca, unaumwa kidole?" Nikasema ni mambo ya chama.

Kwenye kikao leo nilikuwa mpole hadi Dumo akauliza kama nimefiwa.

Jumamosi, 13 Agosti

Nitaandika haraka kabla hasira haijaisha.

Tulifika Koboko saa tisa, mimi, Santina na Dumo. Redio yangu mezani upande wa dirisha, ya Sule upande wa mlango, kisanduku juu yake kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Kila mtu na visikilizio vyake. Santina na bahasha yake.

Saa kumi na robo, adhana. Sule akasimama, akachukua kofia, akaelekea msikitini. Santina na Dumo walikuwa nje wanaangalia waya. Mlangoni Sule aligeuka akasema, "Mwalimu, nichungie vitu vyangu."

Yaani aliniambia hivyo. Mimi.

Ninakiri nilisita. Nilisita kama muda wa kuhesabu hadi tano. Kwenye nne nikabonyeza. Cha tatu! Kitaa hakikuwaka. Nikakirudisha kitambaa, nikaketi, nikaanza kuzungumzia hali ya hewa peke yangu.

Saa kumi na moja. Visikilizio masikioni. Kalamu. Nilifumba macho kungoja Morse ya Jada, ile ti-ti-taa yake ninayoijua kama kikohozi cha baba yangu. Morse haikuja. Ikaja sauti ya mtu! Mtu anazungumza kwa mdomo! Nikasikia "ndugu zangu," halafu stesheni isiyojulikana ikajilaza juu yake: fiiiiiiiii! Mluzi wa kutoboa jino. Nikageuza hiki, nikageuza kile. Fiiiii. Nilipata neno "jembe". Nilipata "mvua". Nilipata "askofu", ingawa sasa nadhani hilo nililitunga.

Nikafumbua jicho moja. Sule alikuwa anaandika. Hakuwa na haraka. Alikuwa anatabasamu, anaandika kama mtu anayesomewa barua na mchumba.

Santina akachana bahasha. Mimi: mawili. Sule: ishirini. Na juu ya ishirini alikuwa ameandika pia maelezo ya Jada, kwamba ameanguka na baiskeli Alhamisi, mkono uko kwenye plasta, hawezi kubonyeza Morse, tumsamehe, atasema kwa mdomo.

Baiskeli!

Sule akainua kitambaa, akajaribu vitufe, akashangaa. Kitufe cha miluzi kilikuwa kimewashwa, akasema. Yeye hajakigusa. Bila hicho asingepata hata neno moja. Akainua mikono: "Mimi nilikuwa naswali, Mungu alikuwa nabonyeza." Dumo akasema amina. Hadijah, mlangoni, akapiga vigelegele.

Nami nikapiga makofi. Kwa kidole kilekile.

Jumapili, 14 Agosti

Saa moja asubuhi. "Habari za asubuhi, vituo vyote, hapa ni Sule, Koboko." Kisha akaniita wa kwanza, kabla ya wote, akiniita mwalimu wake na mwalimu wa wote. Sikuitika. Niliacha wafikiri kuna radi.

Driwaru alinipa ugali wa enyasa na samaki, akaniambia sasa nimsalimie yeye. Nikamsalimia. Ilikuwa ngeni kwetu sote.

Kanisani nilishindwa kuimba. Ninachofikiria ni kimoja. Watu wote wa Koboko wanasema Mungu alibonyeza kitufe. Ni mimi! Ushindi mkubwa kuliko wote katika historia ya redio West Nile, na kidole ni changu, na hakuna anayejua.

Jumanne, 16 Agosti

Nimekwenda kwa Santina shuleni kudai haki yangu.

Nilimweleza kwa mantiki. Bila kitufe, Sule sifuri, mimi mawili. Kitufe kilibonyezwa na nani? Na mimi. Basi maneno yote ishirini ni yangu, au tuseme kumi kwa kumi, mimi si mchoyo. Nilipendekeza tufungue kikao kwa zamu.

Santina aliweka chaki chini. Akauliza kwa nini nilikibonyeza. Nikasema, ili kiue Morse. Akauliza Sule alikuwa wapi. Nikasema msikitini. Akauliza vitu vyake alimwachia nani avichunge. Hapo nikaanza kuona kwamba mantiki ina mlango wa nyuma.

Ameandika yote kwenye daftari la chama. Akasema mtu wa namna hii hajawahi kumwona, anayekuja kwa miguu yake kujishtaki akidai zawadi. Adhabu: miezi mitatu siruhusiwi kusema hewani. Kusikiliza tu.

Nimerudi nyumbani. Driwaru alikwisha kusikia, maana Arua hii haihitaji redio. "Baba Pasca, ulimfanyia hivyo mtu anasali?" Nikasema sikumfanyia, nilimsaidia. Akawa ananiangalia kwa mbali, kama unavyomwangalia mbuzi aliyekula nguo.

Ijumaa, 19 Agosti

Dumo kaja kwa baiskeli kutoka stendi na mzigo kutoka Koboko. Nikafungua. Kisanduku!

Na barua. Sule anasema Santina amemsimulia, na yeye na Hadijah walicheka hadi Hadijah akaketi chini. Anasema hana kinyongo. Kwamba mimi nilimpa masikio alipokuwa kijana hajui ti wala taa, na sasa kwa kuwa miezi mitatu ni ya kusikiliza tu, basi nisikilize vizuri. Nikae nacho hadi Novemba.

Nimekichomeka. Saa moja asubuhi nitamsikia kila pumzi. Nimejaribu tayari mchana huu: mtu mmoja wa mbali, sijui nchi gani, anakohoa, na nasikia kikombe chake kikigusa sahani. Driwaru naye akaja akavaa visikilizio, akasema masikini, mtu huyo anahitaji asali.

Sule ni mtu mwema. Nimeandika hivyo na nimesoma tena. Mwema kabisa.

Lakini. Hakuna mtu anayetoa kitu kizuri hivi kwa miezi mitatu na kubaki mikono mitupu. Haiwezekani. Kuna kitu amepata. Kikubwa zaidi. Pengine chenye vitufe vinane. Ndiyo maana anacheka!

Jumatatu nakwenda Koboko kumshukuru. Nitapanda pikapu ya kwanza, nimkute kabla hajakificha.