Kinachonguruma Mtumbwini Si Rubisi

Yustus Muhwezi,
Mzee wa Kanisa na Mnadi wa Mavuno (hadi Jumapili iliyopita),
Nyakakika, Karagwe.

Kwa Baba Mchungaji,
Mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa Usharika.

YAH: KUNYANG'ANYWA KIPAZA SAUTI CHA MNADA KWA KOSA LA KOMPYUTA

Baba Mchungaji mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Kwa umri ningestahili kuamkiwa na wewe, lakini kwa kola unayovaa, shikamoo. Hapa nyumbani hatujambo, ng'ombe hajambo, na kahawa inakauka vizuri kwenye turubai. Kinachoumwa ni jina langu tu, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Baraza lilinitangazia kwamba sitanadi mavuno mwaka huu, kwa kuwa mimi, Katibu wa Kamati ya Kiasi inayopiga vita ulevi, napika rubisi, pombe yetu ya ndizi, nyuma ya nyumba. Ushahidi wenyewe ni mmoja: Mzee Evaristi alipita kwangu, akaona mtumbwi umefunikwa majani ya mgomba, akausikia unanguruma. Baba, mimi nimenadi mavuno ya usharika huu tangu kanisa likiwa la nyasi. Nimeshanadi jogoo mwenye jicho moja mpaka watu wakataka kushikana mashati. Kunadi ndiyo kazi pekee ambayo mke wangu Stephania hunisifia mbele za watu. Kwa hiyo naomba nisikilizwe, hoja kwa hoja.

1. Kinachonguruma ni kompyuta. Kijana wetu Asiimwe, anayefanya kazi Mwanza, alituletea kompyuta ya mezani iliyostaafu ofisini kwao, akaiunganisha na televisheni ili sisi wazee tuone filamu sebuleni. Picha ni safi, sina neno. Shida ni feni yake. Ikiwashwa hunguruma kama mashine ya kusaga, na pale mwenye filamu anapotaka kusema jambo la maana, ndipo inapoongeza. Filamu ya Nabii Musa tumeiona mara nyingi, na mpaka leo sijui aliambiwa nini pale kwenye kichaka. Nayajua ya Biblia, lakini ya kwenye filamu siyajui.

2. Nilianza na njia za kistaarabu. Nilimpigia simu Asiimwe, akasema feni isiyo na kelele ipo, ila bei yake ni ya mbuzi. Mbuzi ninaye mmoja na ana mimba. Basi nikaifunika kompyuta kwa blanketi. Ikapata joto, ikajizima katikati ya filamu ya makarate, na Stephania hakunisemesha mpaka kesho yake kwa sababu yule adui alikuwa bado hajapigwa. Nikaisukumia uvunguni, kitanda kikawa kinatetemeka, na maneno waliyosema majirani kuhusu kitanda hicho siwezi kuyaandika kwa mchungaji. Nikaihamishia zizini. Ng'ombe akabana maziwa. Mpaka hapo, Baba, rubisi iko wapi?

3. Ndipo nikaukumbuka mtumbwi wa marehemu baba. Wewe si mtu wa huku, kwa hiyo nieleze: ni gogo nene lililochongwa ndani, ambamo wazee wetu walikanyagia ndizi za pombe. Tangu nilipoapa kwenye Kamati ya Kiasi ulikuwa umelala tu uani chini ya paa la jiko, kuku wakitagia humo. Nikajiambia kwamba ubao mnene namna ile hata ugomvi wa wake wenza hauwezi kupenya. Nikailaza kompyuta humo, waya nikazipitisha dirishani.

Naomba usome sehemu hii taratibu, maana ndiyo utetezi wangu. Kompyuta ilikuwa inagongagonga mbao, kwa hiyo chini niliweka nyasi, kwani Asiimwe anasema kitu laini hunywa sauti. Ubavuni niliibana kwa mikungu ya ndizi, na nilichagua embiire, zilezile walizokanyaga wazee, kwa kuwa hatuzipiki, zingekaa bure. Ili isirukeruke, nililaza juu yake mfuko wa unga wa mtama uliokaangwa, ambao Stephania aliukaanga kwa ajili ya uji. Halafu nikafunika yote kwa majani ya mgomba, kwani majani hupoza. Nimetaja kila kitu kwa jina lake ili Baraza lijionee kwamba mle ndani hamna chochote kinachohusiana na pombe.

4. Majirani walianza kuja siku ileile. Unajua desturi yetu: mtumbwi uliofunikwa ni mwaliko. Anayeuona huingia, hukusalimia, hukaa, husubiri, na ukimfukuza wewe ni mchoyo mpaka kaburini. Wakaja kutoka Kiruruma, wengine hata siwafahamu. Niliwapa kahawa ya kutafuna na kuwaeleza wazi kwamba ile ni kompyuta. Wakacheka kwa adabu, wakauliza kompyuta itaiva lini. Kila nilivyozidi kusema kweli ndivyo walivyozidi kunitunzia siri.

5. Sasa Mzee Evaristi. Pombe isiyo yako huifunui, hiyo anaijua kila mtu, kwa hiyo naye hakufunua. Alichofanya ni kuinama, akaweka sikio kwenye ubao, akafumba macho, kisha akatamka kwamba imebakiza kidogo tu. Naomba Baraza limuulize: mjumbe wa Kamati ya Kiasi ameijuaje sauti ya rubisi mpaka akajua imebakiza kidogo? Na je, mrija mrefu uliochungulia kwenye koti lake, kando ya kitabu cha nyimbo, ulikuwa unakwenda wapi? Yeye anasema ni wa kunywea dawa. Dalili ya mvua ni mawingu, Baba.

6. Na huyohuyo ndiye mliyempa kipaza sauti changu! Nimemsikia akifanya mazoezi nyuma ya ofisi ya usharika. Ananadi kama anayeungama. Kuku aliyekuwa amemshika alisinzia. Wakristo watarudi nyumbani na mikono mitupu, na kanisa litabaki na mlima wa maboga. Hili limeniuma, sifichi. Usiku wa Mavuno huwa silali kwa furaha, na mwaka huu sitalala kwa sababu nyingine.

Kutokana na hayo naomba mambo machache tu. Kwanza, nirudishiwe kipaza sauti kabla ya Jumapili ya Mavuno. Halafu, kwa kuwa chanzo cha yote ni kelele, usharika uniazime lile sanduku la kinanda cha zamani niiweke humo kompyuta, pamoja na zulia la madhabahuni la kulizungushia. Zulia likikataliwa, basi mhudumu wa kanisa awe anapiga kengele muda wote tunapoangalia filamu, ili mtu asisikie mtumbwi. Najua watu watadhani kuna ibada na watakuja, lakini mahudhurio yamekuwa haba, na hapo mimi naona faida tupu. Mwisho, wazee wote wa Baraza wafanyiwe mtihani wa masikio, wasikilizishwe kompyuta na rubisi, kila moja peke yake, na atakayeshindwa kuzitofautisha avuliwe uzee. Rubisi ya mtihani Mzee Evaristi atajua itapatikana wapi.

Tena nawaalika rasmi. Njooni Jumamosi, Baraza zima, mkague. Nitayafunua majani kwa mikono yangu mwenyewe mbele yenu. Naandika haya nikiwa nimekaa uani, kando ya mtumbwi, na kompyuta yenyewe naisikia. Jana nilishinda na kulala msibani Rugera, nimerudi asubuhi hii nimeikuta inaendelea bila kupumzika, tena kwa sauti nzuri ya kutulia, yenye kububujika kidogo. Sauti ya namna hii haitoki kwenye kitu kingine chochote isipokuwa mashine. Nipo tayari kuapa juu ya Biblia.

Nisalimie Mama Mchungaji, mwinjilisti, akina mama wa umoja na wanakwaya wote. Besi nao wasalimie, ingawa Mzee Evaristi anaimba humo. Stephania anawasalimu, na ng'ombe amerudi kutoa maziwa.

Ni mimi mwanao katika imani na baba yako kwa umri, niliyenyamazishwa pasipo kosa,

Yustus Muhwezi

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua hii Stephania alipopita na kuniuliza nasubiri nini hapo uani, maana umeme ulikatika jana asubuhi na haujarudi mpaka sasa.

Tumefunua majani. Kompyuta ni ya baridi na imelowa hadi kiunoni. Joto lake lilikwisha kuziivisha embiire vizuri kuliko shimo lolote la ndizi nililowahi kulichimba, zikapasukia kwenye nyasi, na mfuko wa mtama, ambao ndio chachu ya rubisi, nao ukapasuka. Mtumbwi bado unanguruma. Stephania ameonja kwa ajili ya uchunguzi, na sasa anaonja tena.

Kwa hiyo naomba ukaguzi wa Jumamosi uahirishwe, na kipaza sauti Mzee Evaristi abaki nacho kwa mwaka huu. Ila yeye mwenyewe mwambieni aje leo. Alisema imebakiza kidogo, na mzee wa watu hakukosea. Dawa yake iko tayari, mrija asiusahau.