Mkwe Mzito Habebwi kwa Oili Nyepesi

Kwako Baba Mkwe,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na magoti yameanza kukusikiliza. Mimi ni mzima wa mwili tu. Moyo umechafuka, na aliyeuchafua ni binti yako, mke wangu, ambaye leo ni siku ya nne yuko kwako. Naleta malalamiko yangu kwa adabu zote.

1. Binti yako ni fundi magari, nami ni karani wa kupiga mihuri. Hilo sikatai. Lakini ufundi si ruhusa ya kumwaibisha mume mbele ya boneti iliyo wazi. Nilipotia oili nzito kwenye gari letu, alitangaza, wateja wake wakisikia, kwamba naua injini. Mimi! Niliyeinunua oili ile kwa mapenzi!

2. Kitabu cha gari kimeandika 5W-30. Yeye anadai eti ni kipimo cha wepesi wa oili. Baba, hata mimi nimesoma. W ni Watu: watu watano, wasiozidi miaka thelathini. Sasa wewe una sabini na mmoja, Mama Mkwe ana sitini na tisa. Tungewabebaje? Ndipo nikanunua 20W-50: watu ishirini, wa miaka hamsini na kuendelea. Niliwafikiria nyinyi. Kumbeba mtu mzito kwa oili nyepesi ni dharau, na kwetu sikulelewa hivyo.

3. Injini ilipoanza kukohoa na kugonga, nilimweleza kwamba gari linavunja sauti, linaingia utu uzima. Alicheka. Alicheka, Baba, mpaka akakalia tairi la akiba.

4. Alipong'ang'ania 5W-30 yake, nikaamua basi tuifuate neno kwa neno. Binti yako ana miaka thelathini na minne. Kwa sheria hiyo haruhusiwi hata kiti cha nyuma. Nikamwomba ashuke. Kwa heshima, haki ya Mungu, mlango nilimfungulia mwenyewe! Kosa langu liko wapi? Akashuka, akabeba sanduku lake la spana, akaja kwako bila hata kugeuka. Imeniuma sana.

5. Kwa hiyo naomba uitishe kikao cha ukoo, kipitishe kwamba kila gari, cherehani na bawaba ya mlango katika familia hii vitiwe 20W-50. Cherehani ya Shangazi nimeshaitia. Imegoma kushona, ila naona inatafakari.

Nisalimie Mama, mashemeji wote, na huyo aliye chumba cha nyuma anayejifanya hajali.

Ni mimi mkweo mnyenyekevu, nisiye na kosa,
Mume wa Fundi

N.B. Nilipotaka kukuletea barua hii, gari lilikataa kuwaka. Nikafungua kitabu nikunukulie ule ukurasa, nikakuta maelezo chini, kwa herufi ndogo. W si watu. Ni alama ya baridi: oili nyepesi huwahi kuvifikia vyuma injini ikiwa ingali baridi. Umri wa mtu haukutajwa popote. Nimetembea saa mbili, Baba. Nipo hapa getini kwenu na kopo la 5W-30, na sijui hata linamiminwa wapi. Barua usiisome. Niitie tu mke wangu.