Mablanketi ya Harusi na Tempe ya Samiran

Jumanne, 9 Julai

Balaa! Nesi wetu, Bi Wuryani, kawapima wazee presha. Yangu imepanda mnazi, haitaki kushuka. Hapo hapo katangaza mbele ya kadamnasi kwamba Jumapili, kwenye karamu ya kijiji, hakuna mchuzi wa mbuzi. Nguvu ya mwili itoke kwenye soya na choroko. Nyama ni mgeni, eti, imekuja kusalimia ikahamia na kitanda.

Na upawa mkubwa, nilioushika karamu zote, kapewa Samiran. Mtengeneza tempe, vile vipande vya soya!

Upawa ule ndio heshima yangu pekee hapa Kediri. Nilitoka kisiwani Madura kuja kuoa. Bila upawa mimi ni “shemeji” tu, hata kwa watoto.

Nimeingia chumbani kwa hasira, nikajikwaa kwenye kikapu cha choroko. Mke wangu Tumirah huziotesha chini ya kitanda, kazifunika gunia zito. Kidole kimevimba.

Jumatano, 10 Julai

Upelelezi. Nimejifanya nataka kuifahamu tempe kwa ajili ya afya yangu. Samiran kafurahi, kanikaribisha chai, kaeleza yote. Soya huchemshwa, hukanyagwa zitoke maganda, hutiwa chachu, hufungwa majani ya mgomba. Siku mbili, ukungu mweupe umezishikamanisha, unakata na kukaanga. Zikipata joto jingi hupitiliza: huwa nyeusi, hunuka.

Joto! Akaanza habari za mchuzi wa Jumapili, lakini nilikuwa nimesikia ya kutosha. Nimetoka napiga mluzi. Kanikimbilia na kandambili zangu, nilizisahau.

Alhamisi, 11 Julai

Samiran kaenda sokoni. Nimenyemelea bandani kwake na kuifunika tempe yote kwa mablanketi yetu matatu ya harusi. Kazi safi!

Tumirah kauliza mablanketi yako wapi. Nimesema yana kunguni, nimeyaanika. Kajibu kwamba kunguni wa nyumba hii anamjua, ana masharubu.

Jumamosi, 13 Julai

Harufu imefika barabarani! Nimepita nimeziba pua. Samiran kasimama mlangoni anacheka peke yake. Maskini, akili imeruka. Nimeusugua mwiko wangu wa zamani, nikiitwa nisichelewe.

Jumapili, 14 Julai

Sikuitwa.

Samiran kasimama na upawa, kashukuru. Mchuzi wa tumpang, ule wa kwao Kediri, kasema, hauwi mchuzi bila tempe iliyopitiliza. Na baridi ya Julai hii ilikuwa imeigandisha, haiivi wala haiozi, kajua ataaibika. Mpaka msamaria mwema fulani akaifunika. Kisha kanyanyua blanketi juu. Limetariziwa: Matrawi na Tumirah.

Makofi! Hongera shemeji! Shemeji kumbe una moyo! Mkuu wa kijiji kanishika mkono. Tumirah kauliza kwa sauti kunguni wanaendeleaje.

Miaka yote napita kwenye mchuzi ule nimeziba pua. Sijawahi kuuliza kwa nini unanuka. Nimekula sahani tatu, kwa kumkomoa Samiran.

Alhamisi, 18 Julai

Presha imeshuka kidogo. Bi Wuryani kasifu soya, kasema niendelee hivyo hivyo. Upuuzi. Ni ule mkia wa mbuzi niliokula kwa siri Ijumaa.

Lakini kuna jipya. Karamu ya wazee, mwisho wa mwezi, upawa kapewa Samiran tena! Safari hii atapika chipukizi za choroko. Mbegu kazipanga kwenye vikapu bandani, karibu na dirisha.

Karibu na dirisha! Kwa hiyo siri yake ni mwanga. Jioni hii navifunika vyote, usipenye hata uzi wa jua. Tuone zitaota vipi gizani!

Magunia hayakutosha. Nimechukua na lile la choroko za Tumirah, chini ya kitanda.