Kaburi Kubwa Kupita Yesu

Siku ya kwanza ya kazi, tarehe 29 mwezi wa tatu 1993

Leo nimepewa dekor ya Pasaka. Mi, Bilonda, mwenye sikuona mulango ya masomo, mwenye bamasista balifundisha kuandika herufi na makala ya moto nyuma ya parokia. Muchezo ya mateso ya Yesu itachezwa ku salle, ukumbi ya mutaa yetu ya Kapata, hapa Kolwezi. Mwalimu Stany, mwenye kuongoza muchezo, amesema mi njo nitajenga mulima, bustani na kaburi.

Furaha haikufika hata ku bukari, ugali ya mangaribi. Hii kazi ni ya Mbombo. Siku zote yeye anapaka rangi, mi ninakoroga gundi ya mihogo na kutukanwa. Stany aliangalia chini wakati ananipa, juu Mbombo ni mutu wa Kasai. Kampuni ya shaba hailipe tena mutu, mashine imenyamaza, na njaa inatafuta mwenye kosa. Bavijana banafukuza batu ya Kasai mu manyumba. Banalala ku gare na magodoro yao, banangojea train. Banabaita bilulu, wadudu. Sawa! Kilulu yangu mi ni jirani, na bajukulu yangu bote balizaliwa mu mikono yake.

Nimeapa: Mbombo hataenda. Kumuficha kwangu ni bure. Manyumba ya Kapata ni mapacha, mwenye kuyua moja anayua zote. Lakini kaburi ya Yesu? Nani ataifungua mbele ya Pasaka?

Siku ya tatu, tarehe 31

Kaburi imesimama. Miti, magunia, udongo ya kichuguu. Ndani kuko kitanda, ndoo na kiti. Stany aliuliza juu ya nini Yesu, mukonde vile, anaomba nafasi ya kulaza jamaa muzima. Nilimuambia alikuwa mufalme. Alikuna kichwa, akaenda.

Mbombo aliingia asubuhi, wakati batu balikuwa ku misa. Nilimufunga yulu ya kinga, baisikeli yangu, sawa gunia ya makala, nikasukuma mwenyewe. Mugongo umekufa. Alikaa ku kitanda, akaangalia kila upande, akasema kaburi yangu inanuka mbuzi. Asante hakuna.

Siku ya posho, jumamosi, tarehe 3 mwezi wa ine

Tumegombana. Nilipaka jiwe ya mulango mwenyewe, muzuri, ya mviringo. Nilipomuletea chakula, Mbombo alisukuma sahani. Alisema hawezi kukula mbele ya kitu ile.

"Bilonda, hii haiko jiwe. Ni bukari yenye ilianguka chini."

Nilitoka na hasira, nikafunga salle, nikamuacha na mikebe ya rangi. Kosa! Niliporudia: jiwe ni jiwe. Alisaga mawe ya kijani ya mukuba, ile shaba yetu, akachanganya na majivu, akaweka nyufa na ukungu. Ukikaribia unasikia baridi. Na chini, mustari ya meno madogo meupe, alama yake, sawa yenye iko ku ukuta ya nyumba yake. Nilimuambia afute meno. Alikataa, akasema kazi bila meno ni kazi ya kuachwa katikati. Akaingia ndani, akafunga.

Nilipashwa kufuta mi mwenyewe. Nilikuwa na kitambaa mu mukono! Lakini Stany aliingia, akafungua kinywa, akauliza akili sawa hii niliificha wapi. Nikamuambia: mu vidole. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba, nikaalika batu baje baone.

Siku ya tatu, tarehe 7

Balikuja. Kapata muzima. Na Ngoy pia, mukubwa ya bavijana, kitambaa chekundu ku kichwa, panga mu mukono. Ngoy mwenye nilinawisha mu beseni yangu wakati mama yake alilala na homa, mwenye ananiita kambo sawa nyanya yake.

Aliinama. Aliangalia meno. Kila mutu wa Kapata anayua ile meno. Bavijana balivunja ukuta yenye kuibeba juma hii hii. Aliuliza nani alipaka. Nilijibu: Mi. Akaokota brosi ya rangi, akanipa, akasema nipake jiwe ingine hapa, mbele ya bote.

Nilipaka. Bukari ya pili. Kijana moja alicheka, Ngoy hapana. Na kutoka ndani ya kaburi, tulisikia bote: Mbombo anasonya.

Hakuweza kuvumilia! Panga mbele ya mulango, na yeye anahukumu kazi yangu.

Mapanga ingine ilipanda. Nilisimama ku jiwe na brosi.

"Ngoy, mi nilikunawisha. Kama unaingia, pita yulu yangu."

Aliangalia benzake, kisha akaangalia miguu yake.

"Kambo, train inaenda siku ya posho. Apande ile. Kisha ile, mi sitaweza tena kubazuiza."

Siku ya posho, tarehe 10

Gare. Batu hata yulu ya mabehewa. Mbombo na chungu moja, na brosi zake ndani ya chungu.

Nilimuambia kama hangeweka meno, angebakia. Aliniambia kama singetangaza, nani angekuja. Bote tulikuwa na haki. Nilimufunga kitenge yangu ya baridi ku mabega. Alisema rangi yake ni mbaya, akaishika na mikono mbili.

Train ilipopiga filimbi, alinipa brosi moja, ile ya nywele ya mbuzi.

"Usiguse jiwe yangu."

Siku ya yenga, tarehe 11. Pasaka

Salle ilijaa. Banamuke balikuja ku kaburi na manukato. Mujukulu yangu Shekina, malaika mu shuka, alisukuma jiwe, akaonyesha ndani na kidole: "Haiko hapa."

Hakuna mwenye alipiga mikono. Kitanda ilikuwa ingali ndani, nilisahau kuiondosha. Bote baliiona. Ngoy alikuwa nyuma, bila kitambaa. Akatoka.

Niligusa jiwe. Kidogo tu. Niliongeza jino moja. Imepinda.

Siku ya kwanza, tarehe 12

Tata Kabemba, seremala, yeye pia wa Kasai, hakupata nafasi mu train. Bibi yake iko na mimba kubwa. Nimeenda kwa Stany kumuambia kwa Pentekoste tucheze Yona. Tutajenga samaki. Tumbo ya batu babili, na nafasi ya mutoto. Aliniangalia sana. Akaenda kutafuta miti.

Mara hii hakuna mutu atayua. Nitapaka mi mwenyewe, na kinywa yangu nimeifunga. Nimemuambia tu Asia, mwenye kuuza chumvi ku soko ya Manika, ya kuwa samaki sawa yangu Kolwezi haijaona. Ataleta banamuke ya soko bote baje baangalie.

Brosi ya mbuzi inafanya kazi muzuri. Nimeanzia ku kinywa. Meno madogo, meupe, mu mustari. Samaki inapashwa kuwa na meno.