Lori la Kiinua Mgongo

Jumatatu, 10 Julai 1995

Baba kanunua lori. Kosa ni langu. Naandika mapema, kabla sijaanza kujitetea.

Tangazo la shirika la wakimbizi lilibandikwa posta, kwa Kiingereza. Nililisoma mimi. Kumweleza Baba kwa mdomo nikashindwa, kama kawaida yangu, nikamtafsiria kwenye karatasi: yanatakiwa malori ya tani saba, kubeba mahindi kutoka stesheni hadi makambini Kasulu. Kisha nikaongeza maneno ambayo kwenye tangazo hayakuwepo: hata makuukuu.

Baba alipunguzwa kazini mwezi Machi. Mama alitaka turudi Moshi, tujenge. Hakuulizwa. Kiinua mgongo chote kimeishia kwenye mnada wa chama cha ushirika kilichokufa. Lori lilikuwa limesimama Ujiji miaka sita; leo limevutwa hadi kwetu. Kwenye kabini kuna kiota cha kuku. Mayai tisa. Yote viza!

Jumatano, 12 Julai

Limewaka! Fundi Feliksi, Muha wa Manyovu, alilipigapiga ubavuni kama anabembeleza ng'ombe, na likawaka. Moshi wake ukafunika nusu ya Rusimbi, mtaa wetu. Mzee Leonardi, jirani yetu, akampazia Baba sauti juu ya ua: "Eliakimu! Banda lako la kuku lina kifua!"

Baba alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu Machi.

Ukaguzi wa malori ni Jumamosi saa moja asubuhi, kwenye ghala la Kasulu. Litakalofaulu linapewa kazi ya mwaka mzima. Lisilofaulu, basi. Feliksi amesema giaboksi imekauka, bila oili tusithubutu kwenda popote. Baba kanituma mimi nikanunue. Mimi!

Alhamisi, 13 Julai

Duka lenye oili ya gia ni moja, la baba yake Yassir. Kaunta anakaa Yassir. Nilisoma naye darasa moja miaka miwili, na jumla ya maneno niliyomwambia ni "samahani", mara moja, nilipomkanyaga.

Nimepita mbele ya duka mara nne. Mara ya tano akaniita: "We Sia, unapima barabara?" Nikakimbia. Debe tupu linanigonga magoti, watu wote wanatazama.

Nikaibukia sokoni kwa Mama Agnesi, muuza mawese. Kwake huhitaji kusema. Unatua debe, linajazwa. Nikayatazama yale mawese. Mazito. Yanateleza. Kitabu changu cha Fizikia, cha Kiingereza, kinasema kilainishi ni kitu chochote kinachopunguza msuguano. Chochote! Na kile cha Sayansi cha shule ya msingi, cha Kiswahili, kinasema hivyo hivyo. Lugha mbili haziwezi kukosea pamoja.

Feliksi alikuwa amekwenda kula. Nimemimina mwenyewe, nikafunga tundu, nikanawa mikono kwa sabuni mara tatu.

Ijumaa, 14 Julai

Mimi ni gwiji! Tumetoka saa nne, Baba kwenye usukani, Feliksi kati, mimi dirishani kwa ajili ya Kiingereza cha ukaguzi wa kesho. Gia zinaingia kama kijiko kwenye uji. Feliksi akaniuliza hii oili ni ya wapi, laini namna hii. Nikatazama milima.

Tatizo dogo: harufu. Tangu Kidahwe kabini ilinukia ndizi za kukaanga. Feliksi kila kijiji anasema lazima kuna mama anakaanga karibu. Baba alisimama mara mbili kutafuta chakula.

Tumefika Kasulu jua halijazama. Tumeegesha kwenye mteremko, pua chini, na breki ya mkono haishiki, kwa hiyo Feliksi ameliacha lori ndani ya gia ya kurudi nyuma.

Jumamosi, 15 Julai

Kasulu kuna baridi.

Nyumbani, mwezi wa saba, asubuhi mawese tunayachota kwa kijiko, yameganda. Nimeyachota hivyo maisha yangu yote. Mbona sikuyafikiria?

Mkono wa gia haukutikisika. Feliksi akauvuta kwa mikono miwili, mguu kwenye dashibodi. Ukakatika. Akabaki ameushika kama mchunga ng'ombe na fimbo yake. Baba akasema kwa sauti ya chini kwamba muda umefika, twende hivyo hivyo. Akawasha. Tukaenda ghalani kinyumenyume, kilomita mbili, watoto na mbuzi wakitufuata kwa mbele.

Malori kumi na moja yalikuwa kwenye foleni. La kwanza ni la kina Yassir. Mkaguzi mzungu akaniuliza kwa Kiingereza kama letu linakwenda mbele pia. Kiingereza chote kikanikimbia. Nikamjibu: kesho.

Feliksi akafungua giaboksi kwa chini. Likachungulia donge jekundu. Mama mmoja mkimbizi wa Burundi, Angela, akatusalimu kwa lugha yao, "Mwakeye", akauliza kwa nini chuma kinapewa kitu cha maharage.

Baba akachovya kidole, akanusa. Akakaa juu ya tairi. Akavua miwani akaifuta, muda mrefu, na haikuwa chafu. Kisha akaniuliza kama duka lilikuwa limefungwa. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Basi, mwanangu. Si kosa lako."

Jumapili, 16 Julai

Tumerudi kwa basi. Kazi wamepata kina Yassir. Feliksi kabaki Kasulu analinda lori. Mama anaandika barua Moshi. Baba hajala.

Nimeapa kumwambia ukweli. Nimefika hadi mlangoni kwake. Nimesikia anakohoa. Nimerudi.

Lakini jana Angela aliniambia jambo. Kambini wanagawiwa mafuta ya msaada, ya kupikia, meupe, wala hawayapendi. Wanayabadilisha kwa mawese, debe kwa debe. Na anasema hata baridi iweje, hayagandi.

Hayagandi!

Nikipata madebe mawili tu ya kumimina kwenye giaboksi, Baba hatahitaji kujua chochote.